Mkono Uko C, Sauti Iko E Flati

Ni nadra kinanda cha umeme kukosa transpozi. Kama hakina kitufe chake maalumu, kwa kawaida kina njia nyingine ya kuifikia, na wapiga kinanda wa makanisani huijua njia hiyo mapema kuliko mambo mengine mengi ya chombo chao. Mwalimu wa kwaya akisema, "Tushushe kidogo, sauti ya kwanza wanaumia," kidole kinakwenda kwenye alama ya kutoa, kinabonyeza mara mbili, na wimbo unaanza upya toni nzima chini huku mikono ikipiga vilevile ilivyozoea.

Kuanzia hapo kuna funguo mbili chumbani. Upo ufunguo wa mkono, ule ambao vidole vyako vinaupiga, na upo ufunguo wa sikio, ule unaosikika kwenye spika. Kinanda kikiwa sifuri, funguo hizo ni kitu kimoja na huna sababu ya kuzifikiria. Kikitoka sifuri zinaachana, na kazi yako ni kuzijua zote mbili kwa majina. Karibu kila fujo inayoletwa na kitufe hiki, tangu mpiga besi kununa hadi kwaya kuanza wimbo mahali pasipo, chanzo chake ni mtu anayeujua ufunguo mmoja na kuusahau wa pili. Kwa hiyo mwongozo huu hautakufundisha sana kubonyeza. Kubonyeza ni rahisi. Utakufundisha kuhesabu na kusema.

Kuhesabu nusu toni

Piano kamili ina vibonyezo 88, lakini majina ya sauti ni 12 tu yanayojirudia, saba meupe na matano meusi. Kutoka kibonyezo kimoja hadi jirani yake wa karibu kabisa, awe mweupe au mweusi, ni nusu toni. Transpozi inahesabu kwa nusu toni. Wanaoanza hupotea kwa kuhesabu vyeupe peke yake: C hadi D wanaona ni hatua moja, wakati kuna cheusi katikati, kwa hiyo ni mbili. E hadi F ndiyo moja kweli, kwa sababu hakuna cheusi kati yao. B hadi C vilevile.

Chukua kwamba mkono wako uko C, kama ulivyo mkono wa wengi. Ukitaka isikike D, weka +2. E flati ni +3, E ni +4, F ni +5. Kwenda chini, B ni −1, B flati ni −2, A ni −3, A flati ni −4, G ni −5. F shapu iko katikati ya safari, kwa hiyo +6 na −6 zote zinakufikisha kwenye jina hilohilo, moja ikiwa oktavo nzima juu ya nyingine. Kama mkono wako uko G, anza kuhesabu kwenye G: A ni +2, B flati ni +3, F ni −2. Hesabu siku zote inatoka kwenye mkono kwenda kwenye sikio. Anayeigeuza, akaanzia kwenye sikio, anajikuta ameweka +2 mahali pa −2, na tofauti yake ni toni mbili nzima. Hiyo haifichiki.

Kwa G unaweza kwenda −5 au +7, ikiwa kinanda chako kinaruhusu. Vingi vidogo vinaishia 6 kila upande, vingine vinafika 12. Mimi ningechagua −5, ila mkono wa kushoto uupandishe. Kuna sababu. C ya chini ambayo kushoto kwako kumezoea kuikalia, ile yenye mitetemo ya karibu 65 kwa sekunde, inashuka hadi G ya mitetemo 49. Spika ndogo za kanisani haziwezi kuitoa vizuri, na ukipiga kodi ya sauti tatu huko chini unapata ngurumo tu. Mtu atalaumu spika. Panda oktavo moja kwa mkono wa kushoto, au piga noti moja ya besi badala ya kodi nzima, na ngurumo inakwisha.

Mahali pa kubonyeza panategemea chombo. Vinanda vyenye midundo vingi vina vitufe viwili vilivyoandikwa TRANSPOSE, kimoja cha kupandisha na kimoja cha kushusha, na ukivibonyeza vyote viwili kwa pamoja namba inarudi sifuri. Piano ndogo zenye vitufe vichache hukutaka ushikilie kitufe kimoja huku ukibonyeza kibonyezo fulani kwenye kinanda chenyewe, na hapo hakuna namba ya kuangalia kwenye kioo. Kwa piano za namna hiyo tafuta ukurasa wa kitabu chake unaoonyesha vibonyezo hivyo, upige picha, ukae nao kwenye simu. Jambo la kupima mapema ni kinachotokea ukizima na kuwasha: vingine vinarudi sifuri, vingine vinakumbuka mlipoishia. Umeme ukikatika katikati ya ibada na jenereta likashika, utataka uwe unajua chako ni cha kundi gani.

Usichanganye transpozi na mambo mawili yanayokaa karibu nayo. Kitufe cha oktavo kinahamisha nusu toni 12 kwa mkupuo, jina la ufunguo halibadiliki. Na kurekebisha tyuni ni kitu kingine kabisa: hapo unasogeza sauti kwa vipande vidogo kuliko nusu toni. Kipimo cha kawaida duniani ni A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na vinanda vingi hukuruhusu kusogea kutoka karibu 415 hadi karibu 466, yaani nusu toni hivi kila upande. Unapopiga pamoja na piano ya nyuzi ambayo haijaguswa na fundi kwa miaka, nayo imeshuka kidogo, transpozi haitakusaidia. Nusu toni ni kubwa mno. Tyuni ndiyo dawa. Ukimaliza irudishe 440, kwa sababu tyuni iliyosahaulika ni ngumu kugundua kuliko transpozi iliyosahaulika: kila mtu anahisi kuna kitu hakiko sawa, hakuna anayeweza kukitaja.

Waimbaji wa sol-fa hawana habari nawe

Kwaya nyingi za Afrika Mashariki zinasoma sol-fa, herufi za d, r, m, f, s, l, t zilizopangwa kwa mistari na nukta. Mfumo huo uliendelezwa na kusambazwa na mchungaji John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakauleta huku pamoja na vitabu vya nyimbo. Siri yake ni kwamba do haina makazi. Juu ya karatasi imeandikwa Doh ni E flati, lakini mwalimu akiamua leo iwe D, hakuna herufi hata moja inayobadilika. Mwimbaji wa sol-fa anahama ufunguo bila kujua kama amehama. Anayejua ni wewe, kwa sababu vidole vyako vinapita mahali penye vyeusi na vyeupe.

Ndiyo maana transpozi na sol-fa zinapatana sana. Kwa mkono wa C, do yako haiondoki C, na namba kwenye kioo ndiyo inayosoma kichwa cha karatasi. Doh ni E flati, +3. Doh ni A flati, −4. Doh ni F, +5.

Lakini kichwa cha karatasi si amri. Kiliwekwa na mtunzi aliyekuwa na kwaya yake kichwani, na waimbaji wake huenda walikuwa wamelala vizuri. Njia ya kuchagua ufunguo ni kutafuta noti ya juu kabisa ya wimbo na ile ya chini kabisa, halafu kuuliza nani ataimba. Kwa waumini wote wakiimba sauti ya kwanza, D iliyo juu ya C ya tano ya piano ni mahali pa kusimama. E flati wataifikia wakishachangamka. E wengi watanyamaza na kuwaachia kwaya. Kwa ibada ya alfajiri toa nusu toni nyingine.

Tuseme wimbo unatoka do hadi mi ya juu. Ukipigwa C, mi hiyo inaangukia E. Weka −2, do iwe B flati, na ile mi inakuwa D. Kanisa zima linaimba. Sasa chukua wimbo mwingine unaotoka sol ya chini hadi sol ya juu. Huo ukipigwa C unazama, wanawake wanaunguruma chini ya C ya kati. Weka +5, do iwe F, na wimbo unatoka C hadi C, pazuri kabisa. Waumini ni walewale, kinanda ni kilekile, wimbo mmoja umeshuka na mwingine umepanda. Ukiona mpiga kinanda ana namba moja anayoiweka kwa kila wimbo "kwa sababu sauti zetu ziko chini," ujue hajaangalia nyimbo.

Pambio linapoanza bila wewe

Hapa ndipo kitufe kinapoheshimika. Ibada inaendelea, na kabla hujaambiwa lolote mama mmoja safu ya tatu anainua pambio kwa ufunguo wake mwenyewe. Watu wanapiga makofi, ngoma imeingia, macho yanakugeukia.

Usikimbilie kubonyeza kodi. Punguza sauti ya kinanda hadi karibu na mwisho. Sikiliza ubeti unapoishia, maana mapambio mengi yanaishia kwenye do. Ishike hiyo noti mdomoni kwa kuvumisha, kisha itafute kwa kidole kimoja. Umeipata: A flati. Kwa mkono wa C hiyo ni −4. Bonyeza, tazama kioo, ngoja ubeti mpya uanze, ingia na besi peke yake kwa mipigo michache, halafu ongeza kodi na sauti. Waumini wataona umeingia kama mtu aliyekuwa amepanga nao.

Mtego wake ni huu. Ulipokuwa unatafuta do kwa kidole, kinanda kilikuwa sifuri kweli? Kama wimbo uliopita ulikiacha kwenye +3, kidole kitaikuta do chini ya F, nawe utaamini watu wanaimba F. Hawaimbi F, F yako iliyopandishwa nusu toni tatu ni A flati. Ukiweka +5 kwa kudhani unatoka C kwenda F, kinanda kitalia F halisi na kanisa liko A flati. Kuna njia mbili za kutoka: kurudisha sifuri kila wimbo unapokwisha, ambayo ndiyo ninayoipendekeza, au kujumlisha namba mpya juu ya ile iliyokuwapo. C hadi F ni 5, ongeza 3 za mwanzo, ni +8. Na +8 ni ufunguo uleule wa −4. Hesabu hii ni sahihi, ila kuifanya huku makofi yanapigwa ni kujitesa.

Wakati mwingine do ya mwimbaji haiko kwenye kibonyezo chochote. Iko kati ya A na A flati, kwa sababu koo halina vibonyezo. Chagua ya chini kama waliokuwa wakiimba noti ya juu walikuwa wanakaza shingo. Vinginevyo chagua iliyo karibu. Ukiingia kwa besi iliyosikika vizuri, sauti za watu zitakufuata ndani ya mistari miwili. Ukiingia kwa woga na kinanda kimefifia, mtabaki mmeachana hadi mwisho.

Sema ufunguo wa sikio

Ukiwa na wenzako wenye vyombo, kuna lugha moja tu inayofaa: taja kinachosikika. Mpiga gitaa akiuliza mko ufunguo gani, jibu ni E flati. Usimjibu "C, nimepandisha tatu." Namba yako haimhusu, na mpiga besi aliyesikia "C" peke yake katika kelele za mazoezi atapiga C, na kosa litakuwa lako.

Mpiga gitaa naye ana kitufe chake, kinaitwa kapo, kinabana nyuzi na kupandisha tu, hakishushi. Mkiwa E flati anaweza kuweka kapo freti ya tatu na kupiga maumbo ya C, au freti ya kwanza na kupiga maumbo ya D. Kwake E flati bila kapo ni kazi ya vidole vya chuma, lakini E, D, A na G ni nyumbani. Kwa hiyo kama bendi yenu ni ya magitaa na wimbo unaweza kukaa E flati au D bila waimbaji kuumia, mpe D. Kwako tofauti ni mbonyezo mmoja.

Matarumbeta yanataka kinyume. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: mpigaji akisoma C, inasikika B flati, toni nzima chini. Saksafoni ya alto ni ya E flati. Hivi ni vyombo vilivyozaliwa na transpozi mwilini, visivyo na kitufe cha kuirudisha sifuri. Bendi ikiwa kwenye E flati, mtu wa alto anasoma na kupiga C, nawe mkono wako uko C kwa +3. Mnaweza kutazama karatasi moja. Mtu wa tarumbeta kwenye wimbo huohuo anapiga F. Ukipewa karatasi ya tarumbeta ya B flati kwa sababu mwenyewe hakufika, weka −2 na uisome kama ilivyoandikwa. Itasikika pale ambapo tarumbeta ingesikika. Angalizo moja: katika utamaduni wa vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani, wapigaji wanafundishwa kusoma nota kama zinavyosikika hata wakiwa na tarumbeta ya B flati. Kabla hujageuza chochote, muulize mpigaji apige C ya kwenye karatasi yake, nawe uitafute kwenye kinanda kilicho sifuri. Swali hilo la sekunde tano linaokoa jioni nzima.

Aibu ya nini

Wako walimu wa muziki wanaokiita kitufe hiki mkongojo. Wana hoja, na nitaifikia. Lakini Irving Berlin, mtunzi wa White Christmas, aliyezaliwa 1888 na kufariki 1989, alipiga piano zaidi kwenye F shapu, akipendelea vibonyezo vyeusi, na alikuwa na piano maalumu zenye wenzo uliosogeza mtambo wa ndani ili vidole vibaki palepale na sauti ihame. Moja ya piano hizo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Marekani. Mafundi wa harmonia za India nao hutengeneza zenye safu ya vibonyezo inayotelezeshwa kando ili kumfuata mwimbaji. Wazo ni la zamani kuliko umeme wake.

Hata msomaji mzuri wa nota ana matumizi yake. Tuseme umepewa wimbo ulioandikwa D flati, flati tano kichwani, na unaimbwa leo jioni. Herufi za noti kwenye mistari hazibadiliki kati ya D flati na D. Kinachobadilika ni alama za mwanzo. Jifanye umeona shapu mbili, usome wimbo kama uko D, na uweke −1. Vivyo hivyo A flati isome kama A kwa −1, G flati kama G kwa −1, na F shapu yenye shapu sita isome kama F yenye flati moja kwa +1. Tahadhari iko kwenye alama za katikati ya wimbo. Kwenye D flati, alama ya kuifuta flati ya G inamaanisha sauti ya nne imepandishwa. Wewe uliye D utapiga G shapu. Zipitie alama hizo kwa penseli kabla ya kuanza, ni chache katika nyimbo nyingi za kanisa.

Kupandisha wimbo ubeti wa mwisho ni matumizi mengine yanayopendwa, labda kupita kiasi. Ukitaka kufanya hivyo kwa kitufe, tengeneza nafasi. Katika vinanda vingi badiliko linaanzia kwenye kibonyezo kitakachofuata, na noti iliyoshikwa na pedali inabaki ilipokuwa, kwa hiyo ukibonyeza +1 huku pedali iko chini unapata funguo mbili zikigombana hewani. Inua mguu, inua mikono, bonyeza, piga kodi ya tano ya ufunguo mpya kwa mpigo kamili, kisha ingia. Kodi hiyo ndiyo inayowaambia waimbaji wanakokwenda. Kitufe peke yake hakimwambii mtu kitu. Kwa mkono wa C kodi hiyo ni G, uleule umbo ulioushika miaka yote. Na mwambie mpiga besi kabla ya ibada, tafadhali.

Mambo machache ya waya na simu. Ukiunganisha simu kwa Bluetooth ili upige pamoja na wimbo wa kwenye YouTube, transpozi inahamisha vidole vyako tu. Sauti ya simu inapita ilivyo. Wimbo uko B, mkono wako C, weka −1. Ukitaka wimbo wenyewe ushuke, hiyo ni kazi ya programu ya kwenye simu. Ukiunganisha kinanda na kompyuta, kumbuka kwamba vinanda vingine vinatuma noti zilizokwisha kuhamishwa, na programu ya kurekodia nayo ina transpozi yake. +2 hapa na +2 kule ni +4 kwenye spika. Amua mahali pamoja pa kubadilishia na pengine paache sifuri. Sauti za ngoma kwa kawaida haziguswi na transpozi, na ni vizuri, maana kila kibonyezo kina ngoma yake. Wapigaji wa taarabu wanaotumia vinanda vyenye robo toni wana la kupima zaidi: shusha E kwa robo toni kama bayati inavyotaka, weka +2, kisha sikiliza kama robo hiyo imehama na kidole au imebaki kwenye E ya sikio. Pima nyumbani, na chombo kilekile utakachopanda nacho jukwaani.

Sasa hoja ya wale walimu. Kitufe hakipo kwenye piano ya nyuzi iliyoko ukumbini ambako umealikwa kupiga harusini. Hakipo kwenye kinanda cha kupepea cha parokia ya kijijini. Na mtu aliyekaa miaka mingi kwenye C huwa hajui kwamba kodi ya nne ya D ni G, anajua tu kwamba ni "ile ya F." Kuiacha C kunawezekana bila kuacha kuhudumu. Jumapili endelea na kitufe chako. Nyumbani chagua wimbo mmoja ambao huwa unaupiga mkono C kwa +2, weka sifuri, na uupige D yenyewe, taratibu sana. Vyeusi ni viwili tu, F shapu na C shapu. Usizitaje kodi kwa herufi. Zitaje kwa namba, ya kwanza, ya nne, ya tano, ya sita, ili umbo la wimbo likae kichwani badala ya kukaa vidoleni. Kodi za D kwa namba hizo ni D, G, A na B ndogo. Baada ya D nenda G na F, zina cheusi kimoja kimoja, kisha B flati.

Ufunguo mpya uujaribu kwanza kwenye mazoezi ya kwaya ya katikati ya wiki, watu wakiwa wachache na mwalimu akiwa na subira. Ukifika mahali unaupiga wimbo huo D bila kutazama vidole, na mwalimu akaona D bado iko juu kidogo kwa sauti ya kwanza, akaomba nusu toni chini, usijitie ushujaa wa C shapu siku hiyo. Weka −1.